Pale Finny Anapopita na Sahani

Nimelala katika nyumba nyingi za watu, na nyingi kati ya hizo sikumbuki hata mlango ulikuwa upande gani. Lakini mgahawa wa Finny Hoscheit pale Differdange, kusini mwa Luksemburg, naukumbuka hadi mlio wa ngazi zake. Nilipanga chumba cha juu, juu ya jiko kabisa, kwa hiyo supu ya mchana niliijua tangu asubuhi, wateja wakiwa bado kiwandani.

Finny alikuwa mjane. Mumewe alifia kwenye machimbo ya chuma, miaka mingi kabla sijafika. Mgahawa aliuendesha mwenyewe, na hakuwa mtu wa maneno mengi wala wa kuchezewa. Ukimaliza sahani anaichukua, usipomaliza anakuuliza kama unaumwa.

Jikoni kwenda ukumbini palikuwa na mlango mmoja mwembamba, na kando ya mlango huo palikuwa na kiti cha Metty Reding. Hakikuandikwa jina, lakini hakuna mwingine aliyekikalia. Metty alifanya kazi kiwandani, kwenye mashine za kunyoosha vyuma vya reli, na katika bendi ya tarumbeta ya mji alipiga tromboni. Hakuwahi kuoa. Alikuwa mtu wa kuitikia kwa kidevu. Kitu pekee kilichomfungua ni kodiani, nayo aliipiga Jumapili baada ya Misa, kwenye kiti kile.

Taabu ya kiti kile ni kwamba Metty akifungua mivukuto ya kodiani, kiwiko chake kinaziba mlango. Finny akitoka jikoni na sahani anasimama nyuma yake, hasemi kitu. Metty anajua tu. Anafunga mivukuto, anabana pumzi, Finny anageuza nyonga na kupita, kisha Metty anafungua tena na kuendelea. Miaka nenda miaka rudi. Na humo ndimo ulimoota wimbo mmoja usio na maneno, mpole, wa kuchezwa wawili wawili, ambao katikati yake una mahali pa kunyamaza. Sisi tuliuita ule wa Metty, basi.

Kwamba Metty alimpenda Finny, mji mzima ulijua. Aliyekuwa hajaambiwa ni Finny.

Na njia ya kumwambia ilikuwepo, tena rahisi, maana kule mwanamume hahitaji kusema. Jumapili ya katikati ya Kwaresima unanunua bretzeli, ule mkate mtamu uliosokotwa kama mikono iliyofumbatwa, una sukari na lozi juu, unampelekea mwanamke. Akiwa radhi, siku ya Pasaka anakujibu kwa yai. Asipokuwa radhi humwoni na yai, na wewe unajua pa kukaa. Mwaka mrefu, ule wenye siku ya nyongeza mwezi wa pili, zamu inageuka: bretzeli inatoka kwa mwanamke na yai linatoka kwa mwanamume.

Metty kila mwaka alinunua bretzeli kubwa kuliko zote dukani kwa Biver mwokaji. Anaingia nayo, anatembea nayo vizuri mpaka kwenye kaunta, na hapo moyo unamfa. Anaiweka na kusema ni ya wateja. Finny anaikata vipande, tunakula sote. Jängi Thill, mpiga ngoma wa bendi na mdomo wa mji, alikuwa akitafuna na kumwuliza kama mkate ule ni yeye anayeposa au anaposa kwa niaba ya wateja wote. Tunacheka. Finny anakusanya makombo. Pasaka inapita bila yai, kwa sababu nani angempa yai? Mgahawa?

Basi, Desemba moja, kwenye sikukuu ya Mtakatifu Barbara, mlinzi wa wachimba migodi, alikuja bwana mmoja wa redio kurekodi bendi. Baadaye akaja kwa Finny kupasha mwili moto, akaukuta wimbo ule unapigwa. Akamwomba Metty aupige tena mbele ya mashine yake. Metty akaupiga, Finny akapita na sahani kama kawaida, wimbo ukanyamaza na kuendelea. Bwana yule akauliza kama anaweza kuupeleka mahali. Metty akaitikia kwa kidevu.

Mahali penyewe palikuwa mashindano ya nyimbo ya mataifa. Katika mashindano hayo sisi wa Luksemburg tulikuwa tukiimba kwa Kifaransa, na mwimbaji tukimkodi kutoka Paris. Nyumbani tuna lugha yetu. Kifaransa ni cha ofisi ya mji na cha kadi ya vyakula vya harusini. Hakuna aliyeona ajabu. Wimbo ni wetu, mdomo wa kuazima. Huko Paris mtunzi mmoja wa maneno akauvalisha wimbo wa Metty maneno yake: kuna bandari, kuna mvua, kuna meli inaondoka, na kuna mwanamke kwenye gati anaitwa Solange. Meli! Sisi bahari tuliiona kwenye kalenda.

Redio ilipoanza kuupiga, mwezi wa pili ulikuwa haujaisha. Mgahawa mzima ulimgeukia Metty. Jängi ndiye aliyeanza, akisema kumbe wakati wa vita, Metty alipokuwa amejificha Metz, upande wa Ufaransa, hakujificha peke yake. Mwingine akasema Solange lazima alikuwa mnene, jina lenyewe linajaza mdomo. Kila siku waliongeza kitu, mara Solange ana duka la kofia, mara ana watoto wenye kidevu cha Metty.

Na Metty, badala ya kukana, akatabasamu. Mimi namwelewa. Maisha yake yote watu walimwona kama kabati, kitu kilichopo chumbani. Kwa mara ya kwanza walimtazama kama mtu aliyewahi kuwa na mambo yake. Ilimnogea. Aliwaachia waseme.

Finny alikuwa kwenye kaunta akifuta gilasi. Niligundua kwamba aliifuta ileile muda mrefu.

Jumapili iliyofuata Metty alipofika, kiti hakikuwepo mlangoni. Kilikuwa dirishani, upande wa barabara.

"Kaa kule," Finny akamwambia. "Hapa unaniziba."

Metty akaenda kule. Akapiga wimbo wake, na alipofika pale pa kunyamaza hakunyamaza, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumpisha. Wimbo ukawa kama mtu anayesema bila kumeza mate. Hakurudia.

Kumbe kulikuwa na jambo jingine chini yake. Finny alikuwa na dada yake, Nanny, ameolewa Arlon, ng'ambo ya mpaka, Ubelgiji. Nanny alikwishachoka kumwambia auze mgahawa ahamie kwake, wazeeke pamoja, na sasa alikuwa amepata mnunuzi. Finny miaka yote alikuwa akimjibu hapana bila hata kugeuza kichwa. Safari hii alimjibu kwamba atampa jibu Pasaka. Nililisikia hilo kwenye ngazi, Nanny akiwa anavaa koti, na furaha yake haikufichika.

Nikampelekea Metty habari. Nilimkuta nje ya geti la kiwanda akisukuma baiskeli yake, nikamwambia kila kitu kilivyo, na kwamba dawa yake ni fupi: aende akamwambie Finny hakuna Solange.

"Nikimwambia hakuna," akasema, "ataniuliza basi ni nani."

"Si ndiyo vizuri? Mwambie."

"Kwako wewe ni rahisi. Wewe ukishasema unachukua begi lako unaondoka. Mimi ikiwa hapana, supu nitakwenda kunywa wapi?"

Tulitembea naye mpaka kwenye kona, baiskeli ikilia.

Mashindano yaliangukia Jumamosi, na kesho yake ndiyo ilikuwa Jumapili ya bretzeli. Televisheni ya mgahawa ilikaa juu ya kabati la gilasi, na jioni ile viti havikutosha, watu walikaa hadi kwenye masanduku ya bia. Finny alipika supu ya maharage mabichi na viazi, yenye vipande vya nyama ya moshi. Metty alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, amevaa suti ya bendi, kana kwamba huko wanakoimba wangemwona.

Nyimbo zikapita. Jängi alizihukumu zote: huyu ana kikohozi, huyu kaja na pazia la mama yake. Hata zamu yetu ikafika. Akatokea yule binti wa Paris, mwembamba, gauni jeupe, na nyuma yake vinanda na fidla nyingi kuliko watu wa mtaa wetu. Nilidhani wimbo ungezama humo. Haukuzama. Ulikuwa uleule, umeoga tu na kuchana nywele. Akaimba bandari, akaimba mvua, akamwita Solange, watu wakampiga Metty mabegani.

Kisha wakafika katikati. Na vyombo vyote vile vikanyamaza mara moja. Binti akafumba macho. Ukumbi mzima huko ng'ambo kimya, mgahawa kimya. Inaonekana yule bwana wa redio aliwapelekea wimbo kama alivyourekodi, na watu wa Paris waliposikia ule unyamavu waliona ni ufundi mkubwa, wakauacha.

Mimi nilikuwa nimekaa karibu na jiko. Finny alikuwa amesimama mlangoni na sahani za supu mikononi, akisubiri watu wapungue njiani. Wimbo uliponyamaza, miguu yake ikaondoka yenyewe. Akapiga hatua, akageuza nyonga kukwepa kiwiko ambacho hakikuwepo, akapita. Ndipo kinanda kikaingia tena. Finny akasimama palepale katikati ya watu kama mtu aliyeitwa jina lake barabarani. Akatazama dirishani. Metty alikuwa akitazama viatu vyake.

Sahani akaziweka kwenye meza ya kwanza aliyoiona. Ilikuwa ya Jängi, ambaye hakuwa ameagiza kitu. Jängi akala zote.

Tulishinda. Pointi zilipokuwa zikisomwa nchi baada ya nchi, watu walihesabu kwa vidole na kwa viberiti, na nchi ya mwisho ilipotamkwa, kelele zilizotoka mle ziliwaamsha hata watu wa zamu ya usiku waliolala mtaa wa pili. Walimtafuta Metty wambebe. Kiti kilikuwa kitupu. Alikuwa ameshatoka, na Finny alikuwa jikoni, mgongo kwetu, akiosha vyombo safi.

Asubuhi, baada ya Misa, bendi ikajipanga mbele ya ofisi ya mji. Meya alivaa utepe wake. Mwimbaji mwenyewe hakuja, alikuwa ameshapanda treni kurudi Paris, kwa hiyo Metty ndiye aliyewekwa kwenye ngazi asifiwe. Mwandishi wa gazeti akamwuliza kwa Kifaransa, huyu Solange ni nani hasa. Metty, safari hii, hakutabasamu.

"Simjui," akasema.

Mwandishi akacheka, akaandika kwamba mtunzi ni mwungwana anayejua kutunza siri za mwanamke. Ndivyo Metty alivyosema kweli mbele ya mji mzima, na bado ikaonekana anaficha.

Nilimtafuta Finny katika umati ule, sikumwona. Nilikuja kusikia habari zake kwa Biver siku iliyofuata. Aliniambia kwamba wakati bendi inapiga, Finny aliingia dukani kwake, amevaa koti juu ya aproni, akataka bretzeli. Biver akamwambia zimekwisha. Ya mwisho aliichukua Metty alfajiri, ile kubwa. Alijaribu kumkumbusha Metty mambo ya mwaka, lakini watu dukani walikuwa wakiimba, na Metty alikuwa ameshageuka. Finny, akaniambia Biver, alisimama kidogo akitazama rafu tupu. Kisha akacheka peke yake, akatoka.

Mchana mgahawa ulijaa. Metty akaingia. Alikuwa na kifurushi cha karatasi nyeupe, amekishika kwa mikono miwili kama anayebeba mtoto wa kubatizwa. Tulijua ni nini, watu wakaanza kusogeza gilasi kwenye kaunta wampe nafasi. Metty akafika kwenye kaunta. Akaipita. Sikuwahi kumwona akiipita. Akaenda mpaka kwenye mlango wa jikoni, pale kiti chake kilipokuwa zamani, akasimama mbele ya Finny.

"Hii si ya wateja," akasema.

Hakuna aliyetafuna. Metty akanyoosha mikono, na uso wake ulikuwa mwekundu kama chuma chake cha kiwandani. Finny alikuwa na sahani mikononi, hakuweza kupokea wala kukataa. Na hapo Jängi, Mungu amsamehe, akasema taratibu kabisa, kama anayemwambia mtu vifungo vimefunguka:

"Metty, ndugu yangu. Mwaka mrefu huu."

Kicheko kilichotoka hakikuwa kibaya, lakini kilikuwa kikubwa. Miaka yote ile aliyokuwa na haki ya kutoa bretzeli aliwapa wateja, na mwaka alioitoa kiume ndio mwaka usio wake. Metty alisimama. Nikaona mikono inaanza kurudi kifuani, karatasi ikilia. Akatazama mlango wa barabarani. Nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba akitoka kwenye mlango ule, Pasaka Nanny atapewa jibu analolitaka.

Finny akaweka sahani chini. Akamnyang'anya kifurushi, akafungua karatasi, akakitazama kilichomo muda wa kutosha kicheko kufa chenyewe.

"Solange hana habari na mkate huu?" akauliza.

"Hakuna Solange, Finny. Yule bwana wa Paris alitaka jina."

"Na pale pa kunyamaza? Napo alipataka yeye?"

Metty akatikisa kichwa.

"Pale unapita wewe na sahani," akasema.

Mtu mmoja nyuma yangu alishusha pumzi. Finny akafuta mikono kwenye aproni, ingawa haikuwa na kitu. Akairudisha bretzeli kwenye karatasi, akakunja kama ilivyokuwa, pembe kwa pembe, kisha akamsukumia Metty kifuani. Metty akaipokea kwa sababu ingeanguka. Sote tulitazama chini.

"Umenirudishia," Metty akasema.

"Sijakurudishia. Mwaka huu zamu ni yangu. Nimekwenda kwa Biver nikaambiwa ya mwisho unayo wewe." Akaokota sahani zake. "Sasa nimekupa mimi. Yai nalisubiri Pasaka, na lisije likawa la wateja."

Akaingia jikoni. Metty alibaki pale amekumbatia mkate wake, na hakuna aliyethubutu kumwambia akae, mpaka Jängi alipoinuka, akaenda dirishani, akaleta kiti, akakiweka kando ya mlango. Halafu akasema wengine tuna njaa, na mwaka huu inaelekea bretzeli hatupati.

Nanny alikuja kutoka Arlon Jumapili ya Pasaka, amevaa kofia mpya, na bei ya mnunuzi ikiwa kwenye mkoba. Aliwakuta wamekaa kwenye meza ya jikoni, Metty akiwa ametoa mfukoni mwa suti ya bendi yai alilolichemsha mwenyewe na maganda ya vitunguu ili lishike rangi. Upande mmoja lilikuwa jekundu sana, upande wa pili limepauka, kwa sababu sufuria yake ilikuwa ndogo. Wakagonganisha mayai kama wafanyavyo siku hiyo, linalopasuka linachukuliwa na aliyeshinda. La Metty likapasuka. Finny akalichukua kama haki yake, akalimenya, akalila, lote.

Nanny akauliza basi yule mtu amwambie nini.

"Mwambie aje ale," Finny akasema. "Kuuza hatuuzi."

Nanny akatazama kofia yake kwenye kioo cha kabati, akaivua, akaomba supu.

Mimi niliondoka kabla ya vuli, kama Metty alivyonisema, begi mkononi. Wimbo ule ulinitangulia kila nilikokwenda. Nimeusikia Antwerpen na Marseille, bandari za kweli, zenye mvua ya kweli, mabaharia wakiuimba kwa Kifaransa cha kuokoteza. Nimeusikia kwa watu wasiojua kwamba Luksemburg ni nchi. Kila unapofika pale pa kunyamaza, wanafumba macho, kila mtu na Solange wake, na mimi siwaharibii.

Ila miguu yangu, kama nimeinyoosha, naivuta chini ya kiti, nimpishe mtu.